Gemu Inayokungoja: Kwa Nini Gemu za Zamu Zimekataa Kufa

Wasee, niambieni: ni gemu gani ya kompyuta ya mwaka 1999 ambayo hadi leo watu wanaichezea mashindano, wanabishana juu yake usiku kucha, na wanaiongezea vitu vipya bila kulipwa na mtu yeyote? Jibu langu ni Heroes of Might and Magic III. Ukiicheki mara ya kwanza unaweza kucheka. Picha zimezeeka. Hakuna bunduki, hakuna gari, hakuna wa kukimbizana naye. Unasogeza shujaa aliyepanda farasi kwenye ramani, anaokota mbao na dhahabu, unajenga kitu kimoja mjini, halafu unabonyeza kitufe cha kumaliza siku. Wengine nao wanacheza zamu yao. Wewe unangoja.

Watu wengi husema gemu kama hii inaishi kwa sababu ya kumbukumbu za utoto. Ati ni wazee wa miaka arobaini wanaokumbuka kompyuta yao ya kwanza. Sawa, wapo. Lakini mimi 1999 sikuwa nimezaliwa. Sina kumbukumbu yoyote ya kuililia, na bado gemu za zamu zimenishika kuliko zile mpya za picha kali. Kwa hivyo lazima kuna sababu nyingine. Mimi naiona hivi: zinakupa kitu ambacho karibu kila kitu kingine kwenye skrini kinakunyang'anya, nafasi ya kufikiria kabla ya kutenda. Na historia yake inaonyesha kwamba kitu hicho kilikaribia kutupwa jalalani.

Zamu ni ya zamani kuliko kompyuta

Kucheza kwa zamu hakukuletwa na kompyuta. Nenda baraza yoyote Lamu au Mombasa wazee wakicheza bao. Mashimo 32, kete 64. Mwanzoni, kwenye namua, kila mchezaji ana kete 22 za kuingiza moja moja, na zikiisha wanaingia mtaji. Mzee anaweza kukaa kimya akihesabu kete zitakapofika, na hakuna anayempigia kelele aharakishe. Huku bara wengine wamekua wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Sheria ni ile ile: umecheza, sasa ni zamu yangu, niache nifikirie.

Sataranji nayo ilitoka India, ikapitia Uajemi na nchi za Waarabu, ikafika Ulaya. Huko Ujerumani, mwaka 1780, Johann Hellwig alichapisha mchezo wa vita uliotokana na sataranji, lakini wenye ubao mkubwa zaidi na miraba ya rangi tofauti kuonyesha mto, mlima au kinamasi. Baadaye maafisa wa jeshi la Prussia wakatumia michezo ya aina hiyo kujifunza vita. Karne ya ishirini raia wa kawaida wakaichukua, na mwaka 1974 Marekani ikatoka Dungeons & Dragons, iliyozaliwa moja kwa moja kutoka kwa watu waliocheza vita vya mezani kisha wakaongeza majoka na wachawi. Hapo ndipo mkakati na njozi zilipofunga ndoa.

Kompyuta ilipofika, ilichukua kazi ya kuhesabu tu. Mwaka 1990 Jon Van Caneghem na kampuni yake ya New World Computing huko California walitoa King's Bounty: shujaa mmoja, jeshi lake, na siku zilizohesabiwa za kutafuta fimbo ya mfalme iliyopotea. Mwaka huo huo Steve Fawkner wa Australia akaleta Warlords, ambapo watu wanane wangeweza kupigania ramani moja. Mwaka 1991 Sid Meier akatoa Civilization, na watu wakaanza kujikuta wakisema "zamu moja tu kisha nilale" saa tisa usiku. Mwaka 1994 Master of Magic ikachukua wazo hilo na kulitia sihiri: mataifa 14, dunia mbili zilizounganishwa kwa minara, na wewe ndiwe mchawi mkuu. Mwaka uliofuata Van Caneghem akarudi na Heroes ya kwanza.

Saa ilipotangaza vita

Sasa cheki kilichotokea. Mwaka 1992 ilitoka Dune II, 1994 ikaja Warcraft, 1995 ikaja Command & Conquer. Hizi zilikuwa gemu za muda halisi. Hakuna kungoja. Wewe ukijenga, adui naye anajenga saa hiyo hiyo. Ukisimama kufikiria, umepigwa. Ziliuza noma sana, na wengi kwenye biashara ya gemu wakaona zamu kama kitu cha enzi ya kompyuta dhaifu. Ilionekana ni kama gari na punda: mmoja amekuja, mwingine astaafu.

Hoja yao ilikuwa na mashiko kidogo. Kompyuta za zamani hazikuwa na nguvu ya kusogeza majeshi mawili kwa wakati mmoja. Lakini walikosea kudhani kwamba zamu ilikuwepo kwa sababu hiyo pekee. Wale wazee wa bao wangeweza kucheza wote kwa pamoja tangu zamani kama wangetaka, mikono wanayo. Walichagua zamu kwa sababu bila zamu hakuna bao. Mshindi angekuwa mwenye mikono ya haraka, si mwenye hesabu.

New World Computing haikufuata upepo. Heroes II ilitoka 1996, ya tatu 1999. Mwaka huo huo vijana wa Triumph Studios huko Uholanzi wakatoa Age of Wonders, nayo ni ya njozi na ya zamu. Yaani katikati ya kelele zote za haraka haraka, kumbe kulikuwa na umati uliotaka kukaa chini.

Hesabu ya dhahabu

Acha nikuonyeshe utamu uko wapi, kwa mfano mmoja tu kutoka Heroes III. Ukumbi wa kwanza wa mji wako unakupa dhahabu 500 kwa siku. Ukilipa 2,500 unaupandisha, unaanza kupata 1,000. Ukilipa 5,000 tena, unapata 2,000. Ukilipa 10,000, unapata 4,000. Fanya hesabu: kila hatua inarudisha pesa yake kwa siku tano. Rahisi, si ndiyo? Jenga kumbi tu.

Shida ni kwamba unaruhusiwa kujenga kitu kimoja kwa siku katika kila mji. Na wiki ina siku saba, na askari wapya wanapatikana siku ya kwanza ya wiki. Kwa hivyo leo siku ya sita, una dhahabu 5,000. Ununue ukumbi ulipwe wiki ijayo? Au ujenge makao ya askari wakuzaliane keshokutwa? Na huko nyuma ya mlima kuna jirani mwekundu hujamwona kwa siku tatu. Yeye anafanya nini na pesa zake?

Hilo ni swali ambalo kila mtu Nairobi analijua. Pesa iko elfu tano. Uweke kwa chama, ununue stoki, au ulipe deni kabla mwenye nyumba hajagonga? Tofauti ni kwamba kwenye gemu hakuna anayekugongea mlango ukiwaza. Ramani imesimama. Unaweza kutoka, ukapika chai, ukarudi, na swali bado liko pale likikungoja. Ukikosea, umekosea wewe na akili yako. Huwezi kusingizia kidole kilichochelewa au intaneti iliyokwama.

Ndiyo maana siafiki wanaoziita gemu za polepole. Kichwa kinakimbia mbio zote. Ni mikono tu iliyopumzika.

Kampuni ilikufa, gemu ikabaki

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi. Kampuni ya 3DO, iliyokuwa imeinunua New World Computing, ilifilisika mwaka 2003. Mali zake zikauzwa, na Ubisoft ya Ufaransa ikachukua haki za Might and Magic kwa dola milioni 1.3. Studio iliyotengeneza gemu ikaisha. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi huishia.

Haikuishia. Huko Urusi, Poland na nchi jirani watu walikuwa wameipenda Heroes III kupita kiasi, hadi Heroes V ya mwaka 2006 ikatengenezwa na studio ya Kirusi, Nival. Lakini kazi kubwa ilifanywa na mashabiki. Kundi la Horn of the Abyss lilianza kutoa kazi yake mwishoni mwa 2011: mji mzima mpya wa maharamia uitwao Cove, viumbe vipya, ramani mpya, na wanaendelea kuiboresha. Wengine wakaanza mradi wa VCMI, wa kuandika upya injini ya gemu kwa msimbo huria ili isife kompyuta zikibadilika.

Sasa linganisha. Mwaka 2015 Ubisoft ilitoa toleo jipya la Heroes III lenye picha safi, lakini bila zile nyongeza mbili za 1999 na 2000. Sababu waliyoitoa ni kwamba msimbo chanzo wa nyongeza hizo ulipotea. Fikiria hilo. Mwenye karatasi za umiliki alikuwa amepoteza kitu, na mashabiki wasio na karatasi ndio walioweza kukitunza na kukikuza. Kitu huishi kwa wanaokitumia. Hata lugha yetu ni hivyo.

Na sisi je?

Nitajibu mapema wale watakaosema kwamba hata zamu inaiba muda. Ni kweli. "Zamu moja tu" ni mtego, na kuna asubuhi za mtihani zilizoharibika kwa sababu yake. Lakini mtego una aina. Gemu nyingi za simu zimejengwa ili zikuadhibu ukiondoka: kijiji chako kimevamiwa, zawadi ya leo inaisha baada ya dakika kumi, lipa kidogo usingoje. Zimegeuza kungoja kuwa bidhaa, zikakuuzia. Gemu ya zamu ya zamani ukiihifadhi na kuifunga mwezi mzima, ukirudi ni siku ile ile, jua halijazama. Haikudai kitu. Stima ikipotea, umepoteza zamu chache tu. Bando likiisha, hata haijui.

Na ni za bei yetu. Heroes III iliomba kompyuta yenye RAM ya MB 32. Lapi yoyote ya mtumba pale mjini ina zaidi ya hiyo. Kama huna hata pesa ya kuinunua, kuna The Battle for Wesnoth, iliyoanzishwa na David White mwaka 2003. Ni ya bure kabisa na msimbo wake ni huria. Mchana askari wa nuru wana nguvu, usiku viumbe wa giza wanawazidi, kwa hivyo lazima ujue ni saa ngapi za kushambulia na ni saa ngapi za kurudi nyuma. Hadithi zake zimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kufungua na kujifunza. Maanake msee wa Kilifi au Kisumu mwenye subira anaweza kuandika kampeni ya Fumo Liyongo, na hakuna ofisi ya kuomba ruhusa.

Kitu cha mwisho. Gemu hizi zina njia ya kucheza ambapo wote mnatumia kompyuta moja mkipokezana kiti. Unacheza siku yako, unasimama, mwenzako anakaa, wewe unaangalia ukutani usichungulie. Hosteli yetu ilikuwa na lapi moja kwa watu wanne, na kwa gemu ya muda halisi hiyo ingekuwa ugomvi. Kwa gemu ya zamu ilikuwa jioni nzima ya kubishana, kutishana na kufanya mikataba ya amani ambayo hakuna aliyekusudia kuitimiza.

Kwa hivyo mtu akikuambia gemu ya kungoja zamu ni ya kizamani, mwulize ni lini mara ya mwisho skrini yake ilimpa nafasi ya kukaa kimya na kuamua. Akikosa jibu, mvutie kiti. Siku ya kwanza, wiki ya kwanza, zamu ni yake. Asiharakishwe.