Mtemi, Dola na Haki za Mtu Bariadi

John Locke alichapisha hoja yake mwaka 1689: serikali husimama kwa ridhaa ya watawaliwa, ikiwasaliti wana haki ya kuiondoa. Montesquieu akaongeza mwaka 1748 kwamba mamlaka yote yakikaa mkononi mwa mmoja, uhuru umekwisha. Swali lao, la nani atamzuia mtawala, halikuwa geni huku Ntuzu, ambako leo ni Bariadi na kata zake kama Kasoli.

Mtemi, yaani chifu wa Kisukuma, hakutawala peke yake. Banang'oma walishiriki kumchagua na kumshauri, banamhala, yaani wazee, waliamua mashauri, na vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyesimamia kazi za pamoja. Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa miguu ya watu. Mtemi alipozidisha ukali, kaya ziliswaga ng'ombe zikahamia utemi wa jirani, na mtemi asiye na watu hakuwa na nguvu yoyote. Siupambi mfumo huo: sauti ya wanawake barazani ilikuwa hafifu, na aliyetuhumiwa uchawi alikosa pa kukimbilia. Tamko la Haki la Ufaransa la 1789 nalo liliwaacha wanawake nje, hata Olympe de Gouges akaandika la kwao mwaka 1791.

Waingereza, walipoitawala Tanganyika, walivilegeza vizuizi hivyo vya mtemi. Kwa sheria ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, mtemi akawa mtumishi wa mshahara. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya wa kikoloni, akiridhika naye, manung'uniko ya raia hayakuwa na uzito.

Uhuru ulikuja mwaka 1961 na Katiba isiyo na orodha ya haki za binadamu. Mwaka 1963 utemi ukafutwa. Orodha ya haki iliachwa kwa sababu viongozi walihofu kwamba mahakama zingeitumia kuzuia mipango ya maendeleo. Hofu hiyo naielewa, lakini gharama yake ilibebwa na wanakijiji. Mwaka 1974, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, Operesheni Vijiji iliwahamishia watu kwenye vijiji vipya kwa amri. Wajukuu wa waliokuwa huru kumhama mtemi sasa walihamishwa na dola. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya kusaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Raia walikamatwa na kuteswa, na baadhi wakafia mahabusu. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 akibeba dhamana ya kosa ambalo hakulitenda yeye.

Haki ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, ingawa mahakama hazikuweza kuzisimamia hadi Machi 1988, Mwinyi akiwa Rais. Ibara ya 13 inakataza mateso. Ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi atakako. Ukisoma ibara hizo mbili ukiwa Bariadi, unaona miaka ya 1974 na 1976.

Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Lakini mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ikamtaka anayedai haki hizi aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Aliyefia mahabusu hawezi kula kiapo. Sharti kama hilo halistahili nafasi katika sheria.