Ndago na Vichaka vya Newala

Wanaosimulia historia ya kilimo cha Newala huanzia kwenye muhogo na kuishia kwenye korosho. Magugu hayatajwi, kana kwamba mkulima alipambana na udongo peke yake. Kwa maoni yangu gugu moja lastahili sura nzima: ndago, yenye shina la pembe tatu, ambayo wataalamu huiita Cyperus rotundus na kuiweka katika ukoo wa mafunjo, si wa nyasi halisi. Nadai kwamba vichaka vizito vya Wamakonde, wakulima wa Newala, vilivyoonwa na wageni kuwa alama ya ukulima wa ovyo, vilikuwa pia dawa ya ndago, na pengine dawa pekee ambayo mwenye jembe la mkono angeimudu.

Ubishi wa mmea huu umo chini ya ardhi. Viazi vyake vidogo vyeusi vimeungana kwa mizizi myembamba, kimoja hadi kingine, vingi vikiwa ndani ya shubiri ya kwanza ya udongo, pale pale jembe linapofika. Mnyororo ukiwa mzima, kiazi cha mbele huvizuia vingine visichipue; ukikatwa, kila kipande huota kivyake. Kwa hiyo palizi ya bidii, inayosifiwa kila mahali, kwa ndago huweza kuwa ndiyo kupanda. Inaogopa mambo mawili: jua kali linalokausha viazi vilivyofukuliwa, na kivuli. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake, katika kitabu chao juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, waliipa nafasi ya kwanza. (Viazi hivyo vinanukia, na Uarabuni na India vimetumika tangu kale kwa manukato na dawa. Aliyekwisha kuipalilia hapati faraja katika hilo.)

Sasa tuutazame uwanda wa juu wa Newala wenyewe. Mchanga wake hunywa mvua, juu yake hakuna mto, na kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 watu waliteremka hadi mabondeni kuchota. Mafunjo na jamaa zake wapendao maji walibaki huko chini, Ruvuma na kwenye mbuga za upande wa Masasi. Ndago haidai kinamasi. Inadai ardhi iliyo wazi, iliyoguswa na jembe. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliona kwamba kichaka kile kiliota juu ya mashamba yaliyoachwa: watu walifyeka, wakachoma, wakalima miaka michache, wakahamia pengine. Nyuma yao ardhi iliingia gizani, na gizani ndago hudhoofu.

Atakayepinga atasema shamba liliachwa kwa kuwa rutuba ilikwisha. Ni kweli mchanga ule huchoka upesi. Lakini muhogo huvumilia udongo uliochoka. Usichovumilia ukiwa bado mdogo ni kusongwa na magugu, na siku za palizi za kaya moja zina kikomo. Mwingine atasema vichaka vilikuwa ngome. Hoja hii ina uzito zaidi: misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ilivamiwa mwaka 1882, na penye kichaka kizito mvamizi hapiti kirahisi. Hata hivyo Weule alikuta mtindo ule ule ukiendelea wakati uvamizi huo ulikwisha kuwa simulizi.

Baadaye mikorosho ilileta kivuli cha namna nyingine. Uzalishaji wa korosho nchini ulifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, na Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilikwisha kuwaweka mbali na miti yao. Mikorosho ya mbali ikamezwa na pori. Mashamba yaliyo karibu na kijiji yakalimwa mfululizo, maana pa kuhamia hapakuwapo. Kwa tabia ya ndago, mashamba hayo ya karibu ndiyo iliyokuwa ikiyasubiri. Anayetaka kuing'oa leo ana dawa ya kunyunyizia inayoshuka hadi kwenye viazi, au afukue kiangazi na kuanika juani siku kadhaa. Hiyo ya pili haiuzwi dukani, ila inataka mgongo.