Nani Alilala Hemani: Vilima vya Ngara na Biharamulo

Katika hifadhi za taifa za Tanzania kuna maeneo ya kupiga kambi ya aina mbili. Yapo ya umma, yenye choo, bafu na pengine jiko la pamoja. Halafu yapo yanayoitwa maalumu, na hayo maalumu hayana kitu. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna jirani. Unafika na hema lako, maji yako na chakula chako, na ukiondoka unaondoka na taka zako. Haya yasiyo na kitu ndiyo yenye bei kubwa zaidi. Ukimwambia mtu kwa mara ya kwanza atacheka, lakini biashara yenyewe inaeleweka: kinachouzwa pale ni ukimya.

Tangu mwaka 2019 ukimya huo umeanza kuuzwa pia huku kwetu magharibi. Mwaka huo mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ni nchi ya vilima vya nyasi, mabonde yenye mafunjo, ziwa refu jembamba la Burigi, na upande wa magharibi mto Kagera. Nje ya mpaka wa hifadhi vilima ni vilevile, ila vina migomba, mihogo na kahawa: Bisibo, Nyakahura, Rulenge, mpaka Ngara mjini. Ukimtajia Bisibo mtu wa Dar es Salaam atakuuliza iko mkoa gani. Kwa anayetafuta mahali pa kutandika hema asisikie hata redio ya jirani, hiyo ni sifa.

Tatizo langu ni neno moja ambalo halikosekani kwenye matangazo ya safari: eti ni nchi "isiyoguswa". Vilima hivi vimeguswa sana. Na kitu kimojawapo kilichovigusa, tena zaidi ya mara moja, ni hilohilo hema.

Neno lenyewe ni la wageni. Hema limetokana na Kiarabu, khaima, likapita pwani, likapanda na misafara hadi maziwa makuu. Wanyarwanda wanasema ihema, na ng'ambo ya Kagera wana ziwa linaloitwa Ihema. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba lilipata jina kwa sababu Henry Morton Stanley alipiga hema lake pale Machi 1876. Wanajiografia wanaweza kubishana. Mimi navutiwa na jinsi hadithi ilivyoshika: mtu alilala mahali usiku mmoja au miwili, akaondoka, na hema lake likabaki kuwa jina.

Kabla yake alipita John Hanning Speke. Mwishoni mwa 1861, mwaka mmoja baada ya kuondoka pwani, yeye na James Grant walikwama katika nchi aliyoiandika "Usui", yaani Rusubi, ambayo leo imo sehemu za Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, Suwarora, hakuwa na haraka. Alitaka hongo, na hongo ilijadiliwa kupitia wajumbe siku baada ya siku: nguo kiasi hiki, waya kiasi hiki, shanga za rangi hii siyo ile. Ukisoma kitabu cha Speke cha 1863 unaona hasira ya mtu aliyefungiwa ndani ya turubai lake huku mali ikipungua. Wasomaji wa London walisoma habari za mtawala mlafi. Ukiusoma leo ukiwa umekaa upande huu, unaona ushuru wa forodha. Mwenye nchi alikuwepo, alijua mgeni yupo wapi, na mgeni hakulala bila kulipa.

Kwa hiyo, wasafiri hawa waliolala kwenye mahema hawakuwa wamelala porini. Walilala kwenye nchi ya watu, penye ng'ombe na ulezi na wakusanya kodi.

Na hema hilo nani alilibeba? Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu kilo 30, na hema la mkubwa wa msafara lilikuwa zaidi ya mzigo mmoja, bado kitanda, meza na masanduku. Waliolibeba hawakulala ndani yake. Wakifika kambini walitawanyika kukata miti na nyasi, wakajenga vibanda kwa makundi, kila kundi na moto wake na chungu chake. Ukiwa na jicho la mwandishi wa habari, hapa ndipo habari ilipo. Sidi Mubarak Bombay, aliyemwongoza Speke na baadaye Stanley, alilala katika vilima hivi pia, na hakutuachia kitabu. Tuna kitabu cha mwenye hema.

Pengo hilo ndilo Abdulrazak Gurnah aliloliingia katika Paradise, ambayo tunayo sasa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Msafara wa Aziz unaonekana kwa macho ya kijana aliyechukuliwa kufidia deni, siyo ya mwenye mali. Riwaya hiyo ilitoka 1994. Uushike mwaka huo, tutaurudia.

Stanley alirudi tena. Agosti 1889, akitoka kumchukua Emin Pasha, alishuka kupitia Karagwe akapita kando ya Ziwa Burigi, ambalo yeye aliliita Urigi. Safari hii alikuwa na mahema ya Benjamin Edgington wa London, ya turubai lililochovywa kwenye dawa ya shaba lisioze kwa mvua, na katika kitabu chake alimsifia fundi huyo hadharani. Leo tungeiita makala ya kulipiwa. Mahema yalidumu. Watu wengi waliokuwa wameyabeba tangu mwanzo wa safari walikuwa wameshazikwa njiani.

Miaka michache baadaye nchi hii ilianza kuwa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa eneo zima la maziwa makuu. Mwanaikolojia John Ford, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu ugonjwa wa malale na mazingira ya Afrika, ameeleza kilichofuata: ng'ombe wakiisha, watu wakipungua, hakuna wa kuchunga, kuchoma nyasi wala kufyeka, basi kichaka kinarudi, na kichaka kikirudi mbung'o anarudi nacho. Kisha malale. Waingereza walipochukua Tanganyika waliamua kuwahamisha watu kutoka maeneo ya mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, na Biharamulo ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizofanyiwa hivyo. Maeneo yaliyoachwa wazi yalijaa miti na wanyama. Baadaye sehemu ya nchi hiyo ikachorwa mpaka, ikaitwa pori la akiba.

Ndiyo maana sipendi "isiyoguswa". Pori la Biharamulo ni pori, sikatai, na lina utulivu unaoweza kumfanya mtu azungumze kwa kunong'ona. Lakini ni utulivu wa nyumba iliyohamwa.

Sasa turudi kwenye tarehe. Tarehe 2 Mei 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera penye maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda na msafara wake, wapagazi, bunduki na mahema. Miaka saba baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani Maji Maji ilipozimwa kwa njaa na moto.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, zikiwa zimebaki siku chache tu kutimia miaka mia moja, daraja la hapohapo Rusumo lilipitisha watu wapatao 250,000 kuja upande wetu, kwa muda wa saa 24 hivi. Chini yao mto ulikuwa ukipitisha maiti kwenda Ziwa Viktoria.

Walisimama mahali paitwapo Benaco, jina lililobaki kutoka kwa kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Ghafla Ngara ikawa na kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani wakati ule. Warundi walikuwa wameshaanza kuja tangu Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, na kadiri miezi ilivyokwenda majina yaliongezeka: Lumasi, Musuhura, Kitali, Keza, Lukole. Wilaya ya wakulima wa migomba na kahawa ikawa na wageni wengi kuliko wenyeji.

Watu husema "mahema ya Benaco" lakini wengi hawakuwa na hema. Familia ilipewa turubai la plastiki la UNHCR, kama mita nne kwa tano. Fito ulijitafutia mwenyewe, nyasi ulikata mwenyewe. Yaani kibanda kilekile cha mpagazi wa Speke, kimeongezewa nailoni. Kila kibanda kilihitaji fito, kila chungu cha maharage kilihitaji kuni, na maharage yale makavu yanakula kuni kweli. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, mpaka akina mama wakawa wanatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja. Mapori ya Burigi na Biharamulo yalilipa kwa nyama pia. Shirika la TRAFFIC, lililochunguza jambo hili kambini, liliipa ripoti yake jina la nyama hiyo kwa wakimbizi: mchicha wa usiku. Msaada haukuwa na nyama, kuiwinda ilikuwa kosa, basi ilipikwa giza likishaingia.

Mwenyeji wa Ngara aliyepoteza shamba na miti ana haki ya kulalamika, na mara nyingi hakusikilizwa. Vilevile si kila aliyekaa chini ya lile turubai alikuwa mwathirika. Juni 1994 Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alipoondolewa Benaco, maelfu ya watu waliwazunguka wafanyakazi wa misaada kwa hasira. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa kule Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Kambi ilipangwa kwa wilaya za nyumbani, na viongozi wa nyumbani walikuja na watu wao. Anayekumbuka Benaco kama hadithi ya huruma ya Watanzania tu, au kama hadithi ya uharibifu wa miti tu, anachagua upande wa kilima unaompendeza.

Iliisha vibaya. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Wengi waliinuka wakaenda upande usiotarajiwa, kuelekea ndani ya Tanzania. Jeshi likawageuza. Wiki hizo daraja la Rusumo lilipitisha karibu watu nusu milioni kurudi. Warundi wa Lukole walibaki miaka kadhaa zaidi, na mtafiti Simon Turner amewaandika katika Politics of Innocence, kitabu ninachokipendekeza kwa sababu hakiwafanyi watakatifu.

Baada ya hapo ukawa ukimya wa namna nyingine. Silaha zilikuwa zimebaki porini, na kwa miaka mingi abiria wa Biharamulo walijua maana ya basi kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Hakuna aliyewaza kulala hemani kwa raha zake. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, na watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu wakafukuzwa Kagera, wakiwemo waliokaa hapa miongo. Waliovuka Rusumo walipokelewa kwenye kambi ya muda ya Kiyanzi, wilaya ya Kirehe. Kwenye mahema, naam.

Sisemi mtu asiende Burigi. Aende. Hifadhi inahitaji wageni, vijana wa vijiji vinavyoizunguka wanahitaji kazi, na asubuhi ya vilima vile, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, haihitaji msaada wa maneno yangu. Ninachotaka ni kwamba atakayewatembeza wageni awe na la kusema zaidi ya orodha ya ndege na swala. Kwamba akionyesha ziwa aseme nani alilala pale na nani aliubeba mzigo. Kwamba mgeni akiuliza kwa nini hakuna vijiji humu, kuwe na jibu. Historia ya ng'ombe, mbung'o na kuhamishwa ingetosha kwa jioni nzima kando ya moto.

Hapo Benaco penyewe huhitaji kibali cha hifadhi. Kumebaki mji mdogo wa barabarani, kabla ya mpaka, unaojaa malori yanayopandisha mzigo Kigali kutoka bandari ya Dar es Salaam. Madereva wakichelewa kuvuka wanakula hapo, wanaegesha, na wengi hawachukui gesti. Wanalala kwenye kabini, na utingo anatandika turubai chini ya tela.