Jinsi ya kuunganisha modeli ya ndege ya plastiki bila kuiharibu

Umefungua boksi la modeli ya ndege na kukuta vipande kibao vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Mkono unawasha kuchukua gundi. Subiri kwanza!

Gundi ya modeli haibandiki tu. Inayeyusha kidogo plastiki ya pande zote mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Ukikosea, kubandua ni shughuli.

Tuchukue mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyojipatia jina katika vita vya angani dhidi ya Ujerumani mwaka 1940. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza ya ndege hii mwaka 1953.

Kwenye boksi utaona 1/72, yaani ndege imepunguzwa mara 72. Spitfire halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi jingine. Modeli yake ina takriban sentimita 15.6 tu.

Hatua kwa hatua

1. Osha. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani, la sivyo rangi haitashika vizuri.

2. Kata, usivunje. Tumia plaizi ndogo au kikata kucha. Kata mbali kidogo na kipande, kisha malizia kwa msasa laini.

3. Anza ndani. Hapa ndipo wengi huchemsha. Kiwiliwili cha ndege huja nusu mbili, na chumba cha rubani kinakaa katikati. Paka rangi kiti, usukani na kuta za ndani kabla ya kufunga. Ukishafunga, brashi haipiti tena.

4. Jaribu bila gundi. Shikisha vipande kwanza uone kama vinakaa. Kama havikai, piga msasa.

5. Gundi kidogo. Bana nusu hizo kwa rababendi, ziache hadi kesho yake. Ukifika kwenye mabawa, itazame ndege kwa mbele. Mabawa ya Spitfire yanapanda juu kidogo, na pande zote lazima zilingane.

6. Kioo cha rubani. Usitumie supagluu, mvuke wake unaweza kuacha ukungu mweupe usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

7. Rangi. Tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, maana rangi nzito hufunika mistari midogo ya bodi. Spitfire za 1940 zilikuwa na kijani iliyokoza na kahawia juu, na rangi hafifu chini.

8. Stika za maji. Paka kwanza vanishi ya kung'aa. Loweka stika mpaka ianze kuteleza, isogeze mahali pake, kisha kausha kwa kitambaa laini.

Pangaboi na magurudumu weka mwisho, ni rahisi kuvunjika ukiwa unashikashika.

Usalama

Gundi hii hutoa mvuke mkali. Fungua dirisha, na usimwachie mtoto gundi wala kisu bila uangalizi.

Je, boksi lako bado limefungwa? Usiku wa leo osha vipande na upake chumba cha rubani tu. Gundi itakusubiri.