Mizani na Daftari: Historia ya Hesabu Baina ya Shinyanga na Geita

Nchi iliyopo baina ya Shinyanga na Geita, kusini ya ziwa Victoria, imejaliwa mali tatu ambazo sifa zake zimefika ng'ambo ya bahari, nazo ni pamba, almasi na dhahabu. Na ingawa moja huota juu ya ardhi na mbili huchimbwa chini yake, zote tatu zimeshiriki msiba mmoja, kwamba aghalabu mtu aliyezitolea jasho siye aliyezipima, aliyezipima siye aliyeziandika, na aliyeziandika hakuona dhima ya kumsomea mwenye mali kile alichokiandika. Leo wafanyabiashara wa Kahama, Katoro na Geita wanapotungiwa mifumo ya mtandaoni ya kuendeshea shughuli zao, ni vema wakumbuke kwamba wanaingia katika shauri la zamani, lililokwisha kusikilizwa mara nyingi mbele ya mizani.

Kabla ya pamba biashara ya nchi hii haikuhitaji daftari. Warongo wa Uzinza waliyeyusha chuma wakafua majembe, na jembe lilihesabika kwa macho ya muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, likaenda katika mahari na katika masoko ya mbali bila ya karani. Tawala za kigeni zilipokuja na kodi zao, na maduka yalipofunguliwa kando ya njia na baadaye kando ya reli, hesabu ilihama kutoka katika macho ya watu wawili ikaingia katika kitabu cha mtu mmoja. Na mkulima aliyekopa nguo au chumvi hadi wakati wa mavuno alitazamiwa kuamini hati ambayo, hata kama angalijua kusoma, pengine iliandikwa kwa lugha asiyoifahamu.

Shaka hiyo ilifikia kilele katika pamba. Baada ya vita vya pili vya dunia kilimo cha pamba kilienea kwa kasi katika Usukuma, na mkulima aliyevuna alichukua mzigo wake hadi kituo cha ununuzi, akautua juu ya mizani ya wakala wa mwenye kinu cha kuchambulia pamba, akangoja kuambiwa uzito na bei. Manung'uniko yalikuwa mengi: kwamba mizani huegemea upande mmoja, kwamba ratili hupotea baina ya mkono na kalamu, na kwamba pamba safi huitwa chafu ili bei yake ishuke. Wakulima hawakuanza kwa kudai kinu wala kwa kudai serikali, bali walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, wakiwalipa kutoka mifukoni mwao, wasimame vituoni na kuutazama uzito unaposomwa. Jambo hilo dogo ndilo lililozaa kubwa. Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka vijijini akayafunga makundi hayo yaliyotawanyika kuwa vyama vya wakulima. Na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya shirikisho lililojulikana kwa herufi za VFCU, ambalo kabla ya uhuru lilikwisha kushika ununuzi wa pamba katika eneo lote la ziwa, likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Bomani, aliyepata umaarufu kwa shauri la mizani, alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi yake.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa uzuri wa vitabu. Katika chama cha msingi kulikuwa na mizani, stakabadhi na leja: mzigo ulipimwa mbele ya mwenyewe, stakabadhi ikaandikwa kwa nakala, moja ikaenda na mkulima na nyingine ikabaki kwa karani, na jumla za siku zikapelekwa kwa chama kikuu. Utaratibu ulikuwa mwepesi kiasi cha kueleweka na mtu asiyewahi kukalia dawati, na nguvu yake ilitokana na ukweli kwamba karatasi mbili zilizo katika mikono miwili hukataa kusema uongo kwa urahisi.

Lakini kadiri shirikisho lilivyokua ndivyo hesabu zilivyokwenda mbali na waliozitolea mali. Malalamiko juu ya gharama, upendeleo na fedha zisizoonekana yaliongezeka katika ushirika wa nchi nzima, hata mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ikateuliwa kuuchunguza; muda si mrefu VFCU iliwekwa chini ya uangalizi wa serikali, na mahali pake pakasimama Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, ununuzi ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Mwaka 1984 vikarudishwa, na Shinyanga ikapata chama chake cha SHIRECU. Na miaka kumi baadaye biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Majina yalibadilika mara kwa mara, lakini mkulima aliendelea kusimama mahali pale pale, mbele ya mizani, akiuliza swali la baba yake.

Upande wa madini hesabu ilikuwa siri tangu mwanzo. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi ya Mwadui karibu na Shinyanga, akajenga mgodi uliokuwa mji kamili, na mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi kutoka huko ikawa hidaya ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Geita nayo ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha ikanyamaza hadi mwaka 2000 ulipofunguliwa mgodi wa zama zetu, na mwaka uliofuata Bulyanhulu ukaanza kuzalisha. Migodi hiyo ilikuwa na maabara, makarani na mitambo ya kuhesabu kila chembe. Ila hesabu hizo zilisomwa na wenye migodi peke yao. Ubaya wake ulidhihirika mwaka 2017, wakati makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yalipozuiliwa bandarini Dar es Salaam, na kamati mbili zilizoongozwa na maprofesa zikatoa tarakimu zilizopishana mno na za kampuni iliyoyamiliki. Shauri lilimalizwa kwa maafikiano, na kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa ya asilimia 16, ikaundwa. Kwa hakika yalikuwa yale yale ya pamba, ila mizani ilikuwa kubwa zaidi.

Chini ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo, ambao desturi yao ya hesabu yastahili kutazamwa kwa taadhima. Duara moja, yaani shimo la uchimbaji, lina wenyewe wengi: mwenye leseni, mwenye shamba, aliyetoa mtaji wa miti, chakula na mafuta, na wale walioshuka shimoni. Mawe yanapopandishwa hutiwa mifukoni, na mifuko ndiyo hugawanywa. Kila mtu huchukua yake akaenda kusaga katika karasha, yaani mtambo wa kusagia mawe, akaosha, akaondoka na dhahabu iliyotoka katika fungu lake, huku marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yakibaki kwa mwenye mtambo au yakiuzwa kwa wachenjuaji. Mgao huo huandikwa katika daftari la shule lenye kurasa zilizojaa vumbi, na msimamizi akifa, akihama au akikosana na wenzake, daftari huenda naye.

Serikali ilitangulia kuingiza hesabu katika mitambo. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza mwaka 2010. Maombi ya leseni za madini yakahamia mtandaoni mwaka 2015. Mfumo wa malipo ya serikali kwa namba maalumu ukafuata mwaka 2017. Na Machi 2019 soko la dhahabu la Geita likafunguliwa, nalo likafuatwa na masoko mengine, Kahama na Shinyanga kadhalika. Katika soko hilo dhahabu hupimwa usafi na uzito mbele ya afisa wa Tume ya Madini, bei hujulikana, na mrabaha pamoja na ada ya ukaguzi, ambavyo mwaka 2019 vilikuwa asilimia 6 na asilimia 1, hukokotolewa papo hapo. Kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio zilipoondolewa kwa wachimbaji wadogo mwaka huo huo, wengi waliona heri kuuza hadharani.

Basi hatua zote zilizo kabla ya mlango wa soko zimebaki kwa wafanyabiashara wenyewe, na hapo ndipo mfumo uliotungwa kwa shughuli mahususi unapokuwa na faida. Programu ya hesabu inayouzwa dukani inajua ankara, mshahara na deni. Haijui duara, wala mfuko uliogawanywa kwa watu sita, wala marudio. Mwenye karasha akitungiwa mfumo wake, kila mfuko utaandikwa namba unapoingia, uzito na jina la mwenyewe vitatiwa kwa simu pale pale kwenye mizani, mgao utakokotolewa kwa mapatano waliyoyaafiki wenyewe, na kila mshirika atapokea ujumbe wa fungu lake kabla vumbi halijatua. Chama cha msingi cha pamba kitaweza kumwonyesha mkulima mkopo wa mbegu na viuatilifu, kilo alizoleta na makato yake, bila ya kungoja karani arudi kutoka mjini. Umeme hukatika na mtandao hupotea, hivyo mfumo wa huko lazima uweze kuhifadhi maandishi ndani ya simu hadi mawasiliano yarejee. Na kwa kuwa majina na mapato ya watu ni amana, sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi inamhusu mwenye karasha kama inavyoihusu benki.

Hata hivyo historia haituruhusu kuamini kwamba mtambo una adili kuliko kalamu. Tarakimu iliyotiwa kwa khiana hubaki khiana, nayo husafiri upesi zaidi na huvaa heshima isiyoistahili, kwa sababu watu huogopa kuhoji kioo kuliko wanavyoogopa kuhoji karani. Kwa hiyo mwenye biashara anapokutana na fundi wa kumtungia mfumo, maswali ya bei na ya sura ya kurasa yaje baadaye. Kwanza aulize ni nani atakayeona tarakimu inapoingizwa, ni nani awezaye kuibadilisha, na je, aliyeibadilisha ataacha jina lake. Wapimaji wa pamba waliuliza hayo bila ya umeme, wakajenga shirikisho. Na mfumo usioweza kuyajibu, hata uwe wa gharama gani, utamrudisha mwenye mali katika kuamini kitabu asichokisoma.