Pauni 5 za London: Mwandishi Aliyemnunua Mtoto

Wadau, kuna mkasa wa mwaka 1885 ambao kila nikiusoma naona kama unanisema mimi na wenzangu tunaoshika kalamu.

Wakati huo sheria ya Uingereza ilihesabu kwamba msichana wa miaka 13 anaweza kuridhia ngono. Muswada wa kupandisha umri huo ulikuwa unapigwa danadana bungeni, huku mabinti wa kimaskini wakiishia kwenye madanguro ya London. Wengi walijua. Wakanyamaza.

W.T. Stead, mhariri wa gazeti la Pall Mall Gazette, akaamua kuthibitisha kwamba mtoto ananunulika. Alimtumia Rebecca Jarrett, mwanamke aliyewahi kuendesha danguro kabla ya kusaidiwa na Jeshi la Wokovu. Akapatikana binti wa miaka 13, kwa pauni 5. Mama mtu akaambiwa mwanawe anakwenda kufanya kazi za ndani. Mtoto akakaguliwa na mkunga ili kuhakikisha ni bikira, akanusishwa dawa ya usingizi, akalazwa kwenye danguro. Stead akaingia chumbani. Mtoto akazinduka na kupiga kelele.

Hakuguswa, na baadaye alipelekwa Ufaransa chini ya uangalizi wa Jeshi la Wokovu. Lakini jiulize, ndugu msomaji: yeye alijuaje kwamba lile lilikuwa jaribio tu?

Habari ilianza kutoka Julai 6 na London ikatikisika. Agosti hiyohiyo Bunge likapitisha sheria, umri ukapanda kutoka 13 hadi 16. Kisha mama akajitokeza akisema hakumuuza mwanawe. Baba naye hakuwa ameombwa ruhusa. Stead akafungwa miezi 3 kwa kumchukua mtoto kinyume cha sheria. Jarrett, mwanamke maskini aliyetumwa, akafungwa miezi 6.

Na mtoto? Jina lake limo vitabuni hadi leo, zaidi ya karne moja baadaye. Mimi silitaji.

Imechukua muda mrefu dunia kuelewa kwamba mtoto "hajiuzi". Mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 182, liliweka kumtumia mtoto kwenye ukahaba katika orodha ya aina mbaya kabisa za ajira ya watoto. Kwa maana hiyo chipsi, vocha au lifti haviwi "malipo" kwa mtoto. Ni chambo cha mtu mzima.

Hapa kwetu Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilisema kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama amekubali. Ila ikaacha mwanya kwa mume ambaye mkewe ametimiza miaka 15! Na utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana pia, jamani. Tusiwasahau.

Akikujia mtoto na siri hiyo, mwamini. Usimuulize alivaa nini au alifuata nini kule. Mwambie si kosa lake. Mfikishe hospitali mapema, kwani dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Namba 116 hupigwa bure. Na usimlazimishe kusimulia upya kwa kila shangazi na kila jirani.

Wala kwa kila mwandishi. Niliwahi kutumwa nikapige picha ya mtoto aliyebakwa, "hata ya mgongo tu". Nilifika hadi mlangoni kwao. Bibi yake akanitazama, akaniuliza, "Mjukuu wangu atapata nini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi bila picha, nikasemwa sana. Stead naye alikuwa na nia njema. Tutafakari.