Hisabati katika shule za sekondari Uganda: namna somo lilivyobadilika na nafasi ya lugha ya nyumbani

Mambo muhimu
- Hisabati ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa Uganda kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne.
- Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 unapima uwezo wa kutumia hesabu katika mambo ya maisha, na maswali yake huwa marefu.
- Mtihani wa mwisho wa UNEB huchangia asilimia 80 ya alama. Kazi za shuleni huchangia asilimia 20.
- Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kumsaidia mtoto wake, na Kiswahili ni nyenzo nzuri kwa kazi hiyo.

Katika vitongoji vya Kampala ambako Kiswahili husikika kila siku, kama vile Katwe, Nsambya na Kisenyi, wazazi wengi hutazama madaftari ya hisabati ya watoto wao na kuona mambo yasiyofanana na yale waliyofundishwa wao. Mahali palipokuwa na safu ya milinganyo ishirini, sasa pana habari ya nusu ukurasa kuhusu mkulima, fundi au mfanyabiashara, kisha swali moja au mawili. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo yalitoka wapi, yanamtaka mwanafunzi afanye nini, na familia zinazozungumza Kiswahili zinaweza kushiriki vipi.

Somo lisilokwepeka

Mwanafunzi wa Uganda husoma sekondari ya chini kwa miaka minne, S1 hadi S4, kisha hufanya mtihani wa cheti cha UCE. Wanaoendelea husoma S5 na S6 na kumalizia na mtihani wa UACE. Katika kidato cha tatu na cha nne masomo ya lazima ni saba, nayo ni hisabati, Kiingereza, fizikia, kemia, baiolojia, jiografia, pamoja na historia na elimu ya siasa.

Hata katika S5 na S6 hesabu haziachwi kwa urahisi. Kwa utaratibu ulioanza mwanzoni mwa muongo wa 2010, mwanafunzi asiyechukua hisabati kama somo kuu hutakiwa kuchagua hisabati ndogo au somo dogo la kompyuta. Anayetaka uhandisi katika Chuo Kikuu cha Makerere hana budi kuwa na hisabati na fizikia. Kwa hiyo udhaifu unaoachwa bila kutibiwa katika S1 huweza kumfungia kijana milango mingi kabla hajatimiza miaka ishirini.

Kutoka Entebbe hadi Kyambogo

Uganda ina historia ndefu ya kutafuta njia bora ya kufundisha somo hili. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, walimu na wanahisabati kutoka nchi kadhaa za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kuandika vitabu vipya vya shule. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa, na vitabu vyake vikajulikana kwa jina la mji huo. Vilileta dhana za seti na mpangilio wa namba mahali pa ukariri wa kanuni.

Leo mitaala huandikwa na Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, NCDC, kilichopo Kyambogo. Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, lililopewa nguvu kwa sheria ya mwaka 1983, lina makao yake Ntinda. Mwaka 2020 NCDC ilianzisha mtaala mpya wa sekondari ya chini unaojengwa juu ya umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kukifanya kwa maarifa aliyopata.

Kuanza kwake kulikuwa kugumu. Mwezi Machi mwaka huo shule zilifungwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Kundi la kwanza la mtaala mpya, lililoingia S1 mwaka 2020, lilifanya mtihani wa UCE mwaka 2024.

Swali la zamani na swali la sasa

Tofauti huonekana vizuri kwa mfano. Swali la mtindo wa zamani lingeweza kumtaka mwanafunzi atafute thamani ya x katika mlinganyo huu: 3,000x = 1,800x + 15,000. Mwenye kujua kanuni angetoa 1,800x pande zote mbili, apate 1,200x = 15,000, na jibu lake liwe 12.5.

Swali la mtindo wa sasa husimulia jambo. Kijana anauza rolex, ile chapati ya mayai inayopendwa Kampala, katika kibanda cha Wandegeya. Kila siku hulipa shilingi 15,000 kwa ajili ya kibanda. Kila rolex humgharimu shilingi 1,800 za unga, mayai, mafuta na makaa, naye huiuza kwa shilingi 3,000. Auze rolex ngapi kwa siku ili asipate hasara?

Hesabu ni ileile, lakini kazi imeongezeka. Mwanafunzi lazima asome, atenganishe gharama isiyobadilika na ile inayofuata idadi, aunde mlinganyo mwenyewe, kisha alirudie jibu lake na kulipima. Hakuna anayeuza nusu rolex. Akiuza 12 atapungukiwa na shilingi 600. Akiuza 13 atabaki na faida ya shilingi 600. Jibu ni 13, na anayeandika 12.5 amefanya hesabu sahihi bila kujibu swali.

Alama zinavyopatikana

Kazi anazofanya mwanafunzi shuleni, pamoja na mradi, hubeba asilimia 20 ya alama ya mwisho, na mtihani wa UNEB hubeba asilimia 80. Matokeo ya kila somo hutolewa kwa herufi A hadi E. Ule mfumo wa D1 hadi F9, uliowagawa watahiniwa katika madaraja makuu, haumo tena katika mtaala huu. Mzazi ajue basi kwamba mtoto anayekosa shule mara kwa mara hupoteza pia sehemu ya alama ambayo haiwezi kurudishwa na bidii ya wiki za mwisho.

Walimu na zana

Tangu mwaka 2005 Uganda imekuwa na mpango wa SESEMAT, ulioanzishwa kwa ushirikiano na Japani, wa kuwaendeleza walimu wa sayansi na hisabati wakiwa kazini. Kenya ilitangulia kwa mpango wa namna hiyo mwaka 1998. Msingi wake ni kwamba somo limzunguke mwanafunzi, liwe na shughuli na majaribio, na zana zitengenezwe kwa vitu vinavyopatikana karibu.

Suala la mishahara nalo limegusa somo hili. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa masomo ya sanaa wakagoma wakidai usawa. Hata hivyo, mahali penye darasa lililojaa, mwalimu aliyelipwa vizuri bado hupata taabu kusikiliza namna kila mwanafunzi anavyofikiri. Mtaala wa umahiri unahitaji hasa usikivu huo.

Lugha: mahali pa kujikwaa

Hisabati ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Maswali yakiwa habari ndefu, mtoto anayeweza kukokotoa lakini anayesoma kwa shida huanguka kabla ya kuanza. Kwa watoto wanaotoka katika nyumba za Kiswahili, baadhi ya mitego inajulikana.

Mtego wa kwanza ni saa. Kwa Kiswahili, kama kwa Kiganda, siku huanza kuhesabiwa alfajiri, hivyo saa moja asubuhi huandikwa 7:00 katika kitabu cha shule. Mtoto asiyezoea kuongeza au kutoa sita hukosea maswali ya safari na mwendo.

Mtego wa pili huwapata waliosoma Kongo kwa Kifaransa. Huko mkato hutenganisha namba nzima na desimali. Uganda kazi hiyo hufanywa na nukta, na mkato hutenganisha maelfu. Hivyo 1,800 ni elfu moja na mia nane Kampala, lakini huweza kusomwa moja nukta nane kule. Tena, elfu ya milioni huitwa milliard kwa Kifaransa, na bilioni kwa Kiingereza cha Uganda. Hata kugawanya kwa njia ndefu hupangwa tofauti kwenye karatasi.

Mtego wa tatu ni wa waliotoka shule za msingi za serikali Tanzania. Hao wanajua vyema kiasi na asili ya sehemu, au kigawe kidogo cha shirika, ila hawajui majina yake kwa Kiingereza. Wanachokosa ni msamiati tu, nao hufundishika kwa muda mfupi.

Lugha: hazina ya nyumbani

Kiswahili kina majina ya sehemu yanayotumika katika mambo mazito ya familia: nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumuni. Katika mirathi ya Kiislamu, mtu akifariki na kuacha mke, baba, mama na watoto wa kiume na wa kike, mke hupata thumuni, na kila mzazi hupata sudusi. Watoto wanabakiwa na kiasi gani? Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24. Mke ana 3, baba 4, mama 4, jumla 11 kati ya 24. Sehemu 13 kati ya 24 ni za watoto. Hilo ni somo kamili la sehemu, na wazee wengi wanaweza kulieleza bila kufungua kitabu.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, amwombe mtoto alisimulie swali kwa Kiswahili kabla ya kukokotoa: tunajua nini, tunatafuta nini? Akishindwa kulisimulia, hajalielewa, na hapo ndipo pa kumsaidia. Pili, amshirikishe katika hesabu za kweli za nyumbani, kama vile bei za sokoni, nauli, kodi na akiba ya kikundi. Tatu, mtoto awe na daftari dogo la istilahi, neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Nne, mzazi amwone mwalimu wa hisabati mapema katika muhula na kuuliza kazi zinazohesabiwa katika ile asilimia 20.

Kwa kijana aliyemaliza masomo nje ya Uganda na anayetaka kujiunga na S5 au chuo, ni UNEB inayolinganisha vyeti vya kigeni na vya Uganda. Ni vyema shughuli hiyo ianze mapema, huku vyeti vya asili vikiwa tayari.